Wimbi la gesi linakuja: Lindi ijipime kwa bei ya chini

Meli moja ya kawaida ya LNG, yaani gesi asilia iliyosindikwa kuwa kimiminika, hubeba mita za ujazo 174,000. Katikati ya mwaka 2020, Uviko-19 ilipofunga viwanda na ofisi, shehena nzima ya meli hiyo ikifika Asia haikufikisha dola milioni 10. Agosti 2022 shehena kama hiyo ilipita dola milioni 200. Kati ya tarehe hizo mbili gesi haikuadimika chini ya ardhi, wala njia ya kuichimba haikubadilika. Kilichobadilika ni wingi wa watu walioitaka kwa wakati mmoja, huku mitambo ya kuisindika ikiwa karibu ileile.

Ninaanza na bei kwa sababu mjadala wetu wa Tanzania kuhusu mradi wa kiwanda cha LNG cha Lindi karibu kila mara huanza na wingi: futi za ujazo trilioni 57 zilizogunduliwa, 47 kati yake zikiwa chini ya bahari kuu. Wingi ni habari njema, lakini hakuna anayelipia gesi iliyolala chini ya bahari. Mnunuzi hulipia ile iliyofika bandarini kwake, kwa wakati, kwa gharama ambayo muuzaji mwingine hakuweza kuishinda.

Gesi ni bidhaa ngumu kusafirisha. Ikipita bombani, muuzaji na mnunuzi wamefungwa pamoja kwa miongo. Ili ipande meli, lazima ipozwe hadi nyuzijoto 162 chini ya sifuri. Hapo hugeuka kimiminika na ujazo wake hupungua takriban mara 600. Kiwanda cha kufanya kazi hiyo hugharimu mabilioni ya dola, na huchukua miaka minne hadi mitano kujengwa tangu siku ya uamuzi wa mwisho wa uwekezaji. Kikishasimama huendelea kuzalisha hata bei ikishuka, kwa kuwa fedha nyingi zilikwisha kutumika na mikopo inadai. Kwa hiyo bei ikipanda leo, gesi ya ziada haiji leo. Bei ikianguka, gesi haiondoki sokoni upesi.

Mawimbi ya soko hili huzaliwa hapo. Kampuni nyingi huamua kujenga wakati mmoja, bei ikiwa juu; miaka mitano baadaye gesi yao yote huingia sokoni pamoja. Mkulima wa Newala aliyepanda mikorosho mwaka ambao mnada ulikuwa mzuri, kisha mikorosho yake ikaanza kuzaa pamoja na ya wilaya nzima, hahitaji kuelezwa zaidi. Mradi wa Gorgon, magharibi mwa Australia, uliidhinishwa mwaka 2009 kwa bajeti ya dola bilioni 37. Machi 2011 tsunami iliharibu kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani ikazima vinu vyake na kununua LNG kwa wingi, na mwanzoni mwa 2014 bei ya Asia ikakaribia dola 20 kwa mmBtu, kipimo cha joto kinachotumiwa katika biashara hii. Waliojenga waliamini wamepatia. Gorgon ilipotoa meli yake ya kwanza Machi 2016, gharama zilikuwa zimefika dola bilioni 54, na bei ya Asia ilikuwa chini ya dola 5.

Wimbi lililofuata tumeliona wote, hata wale ambao hawajawahi kusikia neno LNG. Kabla ya vita vya Ukraine, Urusi ilikuwa ikiipa Ulaya zaidi ya theluthi moja ya gesi iliyoagiza. Mwaka 2022 mabomba yalifungwa moja baada ya jingine, na Septemba mwaka huo milipuko ikaharibu mabomba ya Nord Stream chini ya Bahari ya Baltiki. Ujerumani, ambayo haikuwa na bandari hata moja ya kupokelea LNG, ilifungua ya kwanza huko Wilhelmshaven Desemba 2022, ikitumia meli maalumu ya kurudisha kimiminika kuwa gesi. Ulaya ilinunua kila shehena iliyopatikana, na ilikuwa na fedha za kufanya hivyo.

Walioumia ni wale ambao hawakuwa na fedha hizo. Julai 2022 Pakistani ilitangaza zabuni ya shehena kumi na haikupata muuzaji hata mmoja. Bangladeshi iliacha kununua kwenye soko la papo kwa papo, mitambo ya umeme ikakosa gesi, na Oktoba sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Hata mkulima wa mahindi wa Songea aliguswa, kwa sababu urea hutengenezwa kwa gesi asilia, na Tanzania huagiza sehemu kubwa ya mbolea yake. Bei ilipopaa serikali ililazimika kuanza ruzuku ya mbolea katika msimu wa 2022/23. Nchi yenye gesi chini ya bahari yake ilikuwa inalipia bei ya gesi ya wengine kupitia mfuko wa mbolea. Jambo hilo linaniuma, na nitalirudia baadaye.

Sasa tazama kilichofuata bei ya 2022. Marekani, iliyotoa shehena yake ya kwanza kutoka Sabine Pass, Louisiana, Februari 2016, ilikuwa muuzaji mkubwa kuliko wote duniani kufikia 2023, na bado inaongeza mitambo kwenye pwani ya Texas na Louisiana. Qatar ilitangaza kupanua uzalishaji kutoka tani milioni 77 kwa mwaka hadi milioni 142 ifikapo 2030. Kanada ilisafirisha shehena yake ya kwanza kutoka Kitimat katikati ya 2025. Senegali na Mauritania zilianza mwaka huohuo. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba uwezo mpya unaotarajiwa ifikapo 2030 ni takriban mita za ujazo bilioni 300 kwa mwaka. Biashara yote ya LNG mwaka 2024 ilikuwa kama tani milioni 411, sawa na mita za ujazo bilioni 550 na ushei. Yaani tunaongeza zaidi ya nusu ya soko lililopo, ndani ya miaka michache.

Nani atainunua yote hiyo? Ulaya imeamua kuachana kabisa na gesi ya Urusi ifikapo mwisho wa 2027, hivyo itaendelea kuagiza kwa meli; lakini matumizi yake yenyewe yamepungua tangu 2021, na upepo na jua vinazidi kuchukua nafasi. China ndiyo mnunuzi ambaye kila muuzaji humwangalia, ila ina makaa yake, gesi yake, na bomba kutoka Siberia lililofunguliwa mwishoni mwa 2019. Bei ikiwa juu, China huuzia wengine shehena zake. India inataka sana gesi, lakini kwa bei ambayo viwanda vyake vinaweza kuhimili.

Pakistani inafundisha zaidi kuliko zote. Baada ya uhaba wa 2022, wenye nyumba, wenye viwanda na wakulima walianza kununua paneli za jua kutoka China kwa kasi ambayo hakuna mpangaji aliyeitabiri. Mwaka 2025 nchi ileile iliyokosa shehena ilikuwa inaiomba Qatar iahirishe meli ambazo tayari zilikuwa kwenye mkataba, kwa sababu gesi ilikuwa imezidi mahitaji. Mteja aliyeumizwa na bei hakukaa kusubiri bei ishuke. Alitafuta njia nyingine na akaipata. Kwa maoni yangu, wauzaji wengi hawajalielewa hili vya kutosha. Kila paneli iliyopandishwa juu ya bati la Lahore au Karachi ni gesi isiyohitajika tena, na hairudi hata bei ikishuka.

Kwa hiyo mtazamo wangu kuhusu nusu ya pili ya muongo huu ni kwamba mnunuzi atakuwa na nguvu kuliko muuzaji, na bei ya wastani itakuwa chini ya ile ya miaka ya 2022 na 2023. Sisemi njia itakuwa tambarare. Mwaka 2024 karibu moja ya tano ya LNG yote duniani ilipita katika Mlango wa Hormuz, na ya Qatar haina njia nyingine ya baharini. Vita, kimbunga katika Ghuba ya Meksiko au baridi kali ya Ulaya vinaweza kurudisha bei juu kwa miezi. Lakini mwekezaji wa mradi wa miaka 30 hajengi kwa bei ya miezi sita ya hofu.

Hapa inafaa kueleza bei inavyoandikwa mkatabani, kwa kuwa watu wengi hudhani gesi huuzwa kwa bei moja ya dunia kama mafuta. Mikataba mingi ya Asia hufunga bei ya gesi na ya mafuta ghafi. Kukiwa na mkataba wa asilimia 12, mafuta yakiwa dola 70 kwa pipa, gesi huuzwa dola 8.40 kwa mmBtu. Mafuta yakishuka hadi dola 50, gesi hushuka hadi dola 6. Wamarekani hufanya tofauti. Hutoza bei ya gesi ya nyumbani kwao pamoja na ada ya kusindika, na mnunuzi aweza kufuta shehena akalipa ada peke yake. Ndivyo wanunuzi wengi walivyofanya mwaka 2020. Qatar nayo inaweza kuvumilia bei ya chini kuliko wote, kwa sababu gesi yake hutoka pamoja na mafuta mepesi yanayolipia sehemu kubwa ya gharama. Hao ndio washindani wa Lindi.

Gesi ya mradi wa Lindi, ya vitalu namba 1, 2 na 4, iko chini ya maji yenye kina kirefu, mbali na pwani. Iligunduliwa kuanzia 2010, bei ikiwa nzuri. Januari 2021 kampuni ya Equinor, mmoja wa wawekezaji, ilifuta kwenye vitabu vyake thamani ya dola milioni 982 ya mradi huu. Juni 2022 makubaliano ya awali yalisainiwa Dodoma, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba majadiliano ya Mkataba wa Nchi Hodhi, yaani masharti kati ya serikali na wawekezaji, yamekamilika. Makadirio ya gharama yaliyotajwa hadharani yalifika dola bilioni 42. Hadi mwisho wa 2025 uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulikuwa haujafanywa. Hata ungefanywa kesho, meli ya kwanza ingetoka Likong'o, mahali palipotengwa kwa kiwanda hicho huko Lindi, katika miaka ya 2030, baada ya wimbi lote nililolieleza kufika.

Ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji ilitangulia na ikalipa gharama nyingine. Kiwanda kinachoelea cha Coral Sul kimekuwa kikisafirisha tangu Novemba 2022. Mradi mkubwa wa nchi kavu, ulioidhinishwa 2019, ulisimama baada ya wapiganaji kushambulia mji wa Palma Machi 2021, na kampuni ya TotalEnergies inayouendesha iliondoa tangazo lake la kusimamisha kazi Novemba 2025. Watu wengi wa mkoa huo, Cabo Delgado, walipoteza makazi kabla hawajaona faida yoyote ya gesi.

Lindi ina sifa ambazo hazina budi kusemwa pia. Meli inayotoka hapo haipiti Hormuz, Suez wala Panama, na inafika magharibi mwa India kwa takriban wiki moja. Mnunuzi aliyechoshwa na njia nyembamba za bahari atalipia usalama huo. Kwa hiyo sidai mradi uachwe. Ninachodai ni kwamba upimwe kwa bei ya dola 6, na serikali isikubali kubeba hasara ya bei ya chini kwa niaba ya kampuni ili tu kiwanda kijengwe haraka.

Kuna jambo lisilosubiri soko la dunia. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na ikaanza kufika Dar es Salaam 2004, miaka 30 baadaye. Bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilikamilika 2015, miaka miwili baada ya wakazi wa Mtwara kuandamana wakitaka kujua watabaki na nini, na kwa muda mrefu limetumika chini sana ya uwezo wake. Wakati huohuo, madereva wa bajaji na teksi Dar es Salaam hupanga foleni kutafuta gesi ya magari, na bado tunaagiza urea. Kiwanda cha mbolea, vituo vya gesi ya magari na mabomba ya viwandani hutumia sehemu ndogo tu ya gesi iliyopo, na faida yake haitegemei bei ya Tokyo. Kiwango cha gesi kitakachobaki nchini, na bei yake, viandikwe kwenye mkataba wa Lindi kwa tarakimu, si kwa ahadi.

Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji ya mwaka 2015 inataka mikataba ya gesi iwekwe wazi kwa umma. Nawaomba wabunge, wa Lindi na Mtwara kwanza, wadai kuona kanuni ya bei na kiwango cha gesi ya ndani kabla ya saini. Saini ikishawekwa, masharti hayo yataifunga nchi kwa miaka 30.