Hati safi ya halmashauri ina maana gani kwa mkulima na mchuuzi?

KILA ifikapo Aprili, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, maarufu kama CAG, huwasilishwa bungeni na magazeti hujaa habari za halmashauri zilizopata hati safi na zilizopata hati chafu. Madiwani hupongezana au hulaumiana, wakurugenzi hutakiwa kujieleza. Mkulima wa mahindi na muuza nyanya sokoni husoma vichwa vya habari, kisha hurudi kwenye shughuli zao wakiamini kuwa hayo ni mambo ya wakubwa.

Ukweli ni kwamba sehemu ya fedha zinazokaguliwa imetoka mifukoni mwao. Ushuru wa mazao, ushuru wa soko, leseni za biashara na ada za machinjio ni miongoni mwa mapato ya ndani ya halmashauri. Kwa hiyo anayelipa ana haki ya kujua mkaguzi anaangalia nini, na nini hakioni.

Aina za hati

Mwaka wa fedha wa halmashauri huisha Juni 30. Hesabu hufungwa na kupelekwa kwa CAG ndani ya miezi mitatu. Yeye hukamilisha ukaguzi na kumkabidhi Rais ripoti kabla ya mwisho wa Machi, kisha ripoti hupelekwa bungeni. Huko hushughulikiwa na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, ambayo huwaita wakurugenzi na kuwahoji.

Hati ziko za aina nne. Hati inayoridhisha, ambayo wengi huiita hati safi, hutolewa pale hesabu zinapoonyesha hali halisi ya fedha. Hati yenye shaka hutolewa kama kuna kasoro katika maeneo fulani. Hati isiyoridhisha ina maana kwamba kasoro ni kubwa kiasi kwamba hesabu haziaminiki. Ya nne ni hati mbaya, ambayo hutolewa mkaguzi anaposhindwa kutoa maoni kwa kukosa vielelezo.

Hata hivyo, hati safi haisemi kwamba fedha zimetumika vizuri. Inasema kwamba vitabu vimeandikwa sawasawa. Chukua mfano wa halmashauri iliyojenga soko la mazao mahali ambapo malori hayafiki. Kama zabuni ilitangazwa, mkandarasi akalipwa kihalali na stakabadhi zipo, hesabu zinaweza kupata hati safi huku vizimba vikiwa vitupu. Ndiyo maana Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 inampa CAG mamlaka ya kufanya pia ukaguzi wa ufanisi, unaouliza kama fedha zimeleta manufaa yaliyokusudiwa.

Ushuru unapopotea njiani

Mkaguzi hufanya kazi kwa kumbukumbu. Fedha ambayo haikuandikwa popote ni vigumu kuiona, na hapo ndipo mkulima na mfanyabiashara wanapoingia.

Tangu mwaka 2017 sheria inaweka ushuru wa mazao usiozidi asilimia 3 ya bei ya shambani, baada ya kupunguzwa kutoka asilimia 5. Mlipaji ni mnunuzi, lakini wakulima wanajua kwamba ushuru huo huingia katika bei anayopewa muuzaji.

Tuseme mfanyabiashara amenunua magunia 200 ya mahindi kwa Sh50,000 kila gunia. Mzigo wote ni Sh10 milioni, na ushuru kwa asilimia 3 ni Sh300,000. Sasa mkusanya ushuru anamwambia: “Nipe Sh200,000, nitakuandikia magunia 100.” Stakabadhi inasoma Sh150,000. Mfanyabiashara ameokoa Sh100,000, mkusanyaji ameweka mfukoni Sh50,000, na halmashauri imepoteza Sh150,000 ambazo mkaguzi hatazikuta kwenye kitabu chochote.

Halmashauri ziliingiza mashine za kielektroniki za POS ili kuziba mianya ya vitabu vya stakabadhi. Zimesaidia, lakini ripoti za CAG za miaka mbalimbali zimeonyesha fedha zilizokusanywa kwa mashine hizo na kutopelekwa benki. Tofauti ni kwamba hizo zina kumbukumbu, hivyo mkaguzi anaweza kuuliza ziko wapi.

Mikopo ya asilimia 10

Tangu mwaka 2018, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Katika mfano wetu wa mahindi, Sh150,000 zilizopotea zimeondoa Sh15,000 kwenye mfuko huo. Zidisha kwa malori ya msimu mzima ndipo utaelewa kwa nini kikundi huambiwa fedha zimekwisha.

Ukaguzi ulikwenda mbali zaidi. Ripoti za CAG zilitaja mikopo isiyorejeshwa na vikundi visivyokuwepo. Aprili 2023 Serikali ilisitisha utoaji wa mikopo hiyo nchi nzima ili kupanga utaratibu mpya, na ikaurejesha mwaka 2024, baadhi ya halmashauri zikichaguliwa kuitoa kwa majaribio kupitia benki. Katika kipindi hicho kikundi kilichorejesha hadi senti ya mwisho kilisubiri sawa na kile kilichokimbia na fedha.

Tathmini iliyogusa ruzuku

Kuna wakati matokeo ya ukaguzi yaliamua moja kwa moja kiasi cha fedha za maendeleo. Kuanzia mwaka wa fedha 2004/05, Serikali ilianza kutoa ruzuku ya maendeleo kwa kupima halmashauri kila mwaka. Kulikuwa na masharti ya lazima, yakiwamo kufunga hesabu kwa wakati, kutokuwa na hati chafu na kuwa na mkaguzi wa ndani. Iliyoshindwa masharti hayo ilikosa ruzuku hiyo. Zilizofaulu zilipimwa tena kwa utendaji: iliyofanya vizuri iliongezewa asilimia 20, na iliyozembea ilipunguziwa asilimia 20.

Utaratibu huo ulihusu pia ruzuku za kilimo za wilaya chini ya programu ya sekta ya kilimo iliyoanza mwaka 2006. Uzembe wa mweka hazina uliweza kumkosesha mkulima lambo au josho, ingawa mkulima huyo hakuwa na kosa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kasoro ya adhabu yenyewe. Kwa upande mwingine, iliwapa madiwani sababu ya kuuliza kuhusu hesabu kabla mkaguzi hajafika.

Mwananchi afanye nini?

Kwanza, dai stakabadhi na isome kabla ya kuondoka: idadi ya magunia, kiasi na tarehe. Ukikubali punguzo la mlango wa nyuma, umeshiriki kuficha fedha.

Pili, hudhuria mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi yanapopaswa kusomwa. Yasiposomwa, uliza kwa utaratibu na uombe swali lako liandikwe kwenye muhtasari.

Tatu, ripoti za CAG zinapatikana kwa Kiswahili katika tovuti ya ofisi yake. Tafuta jina la halmashauri yako, kisha angalia mapendekezo ya miaka iliyopita ambayo hayajatekelezwa. Hoja inayojirudia mwaka hadi mwaka ndiyo ya kumpelekea diwani, kwa sababu yeye ndiye anayeketi kwenye baraza linalojadili hoja hizo. Muulize ni nani aliyewajibishwa, na fedha zitarudi lini.