Kadi za Baba Askari

Katika vita vya 1914 hadi 1918, familia za Ufaransa zilipelekeana kadi za posta na askari wao. Kadi moja ilikuwa na picha ya mtoto anamkumbatia baba mwenye sare.

Picha hizo zilipigwa studio. Watu walivalishwa na kupangwa, kisha picha ikatiwa rangi. Sare ni safi mno! Tope la mahandaki halionekani.

Lakini nyuma ya kadi palikuwa na maneno ya kweli. Askari wengi walikuwa wakulima. Waliuliza: mtoto hajambo? Ng'ombe je? Nani analima?

Wafaransa zaidi ya milioni moja walikufa. Mwaka 1917 ilipitishwa sheria ya kuwatunza yatima wa vita. Baadhi yao walibakiwa na kadi tu.