Marundo ya Ngano Sebuleni: Kuhusu Picha za Kunakiliwa kwa Mkono

Sebuleni kwa mama mdogo, Sinza, imetundikwa picha ya marundo mawili ya ngano shambani. Aliletewa na jirani yake anayefuata nguo Guangzhou. Siku ya kwanza kuiona, mimi mwanafunzi wa fasihi niliyejaa nadharia kichwani, nikasema: "Mama mdogo, hii si ya kweli. Hii ni nakala ya Monet."

"Mbona mimi naiona?" akajibu, akaendelea kuchambua mchele wake.

Nilicheka, lakini jibu lile limenisumbua. Ndilo ninalotaka kulijadili katika makala haya, maana naona linatugusa sisi wahakiki kuliko tunavyodhani.

Kwanza asili yenyewe. Mwaka 1874, mjini Paris, Claude Monet na wenzake walifanya maonyesho yao katika vyumba vilivyokuwa studio ya mpigapicha Nadar. Mhakiki mmoja, Louis Leroy, akalidaka neno kutoka katika jina la picha ya Monet ya macheo bandarini Le Havre, akalitumia kuwakejeli wote: Waimpreshonisti. Kejeli ikageuka jina. (Wahakiki wenzangu, tuwe waangalifu na kejeli zetu.) Walichokitafuta wachoraji hawa ni mwanga wa saa ile, siyo kitu chenyewe tu. Walitoka nje mashambani, na waliwezeshwa na jambo dogo kabisa: rangi iliyotiwa kwenye tyubu, uvumbuzi wa Mmarekani John Goffe Rand wa mwaka 1841. Kabla ya hapo rangi ilihifadhiwa katika vibofu vya nguruwe, na kutembea nayo ilikuwa kazi. Waliweka rangi kandokando kwa miguso mifupi ya brashi. Ukisogea karibu unaona vurugu; ukirudi nyuma, jua linawaka. Hapo fani na maudhui huwezi kuvitenganisha hata ukitaka.

Sasa, haraka ya namna hiyo inanakiliwaje? Nakala nyingi za aina hii zimetoka katika kijiji cha Dafen, mjini Shenzhen, China, ambako mwaka 1989 mfanyabiashara Huang Jiang wa Hong Kong alihamishia kazi yake ya picha. Mchoraji anabandika fotografia ukutani, anachora mistari ya mwanzo, kisha anapanda tabaka kwa tabaka. Penye oda kubwa kazi huweza kugawanywa: huyu anga, yule miti. Yaani mguso ambao Monet aliuweka akikimbizana na jua, mwenzake anaurudia polepole chini ya taa ya umeme.

Ukisikia hivyo unasema, basi, huo ni udanganyifu. Ngoja kwanza. Marundo yale Monet aliyachora mwaka 1890 na 1891, karibu na nyumbani kwake Giverny, na Mei 1891 akaonyesha picha 15 za marundo hayo katika duka la Durand-Ruel. Alikuwa na vitambaa kadhaa kwa pamoja. Mwanga ukibadilika, anaacha hiki anashika kile. Halafu akavirudisha ndani, akavisahihisha studioni. Kumbe ule upapo-kwa-papo tunaousifu nao una mswada wa pili na wa tatu, kama shairi lolote.

Vincent van Gogh, aliyewafuata Waimpreshonisti hawa, anatusaidia zaidi. Mwaka 1889, akiwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, alianza kuzichora upya kazi za Millet kutokana na picha zilizochapwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Alimweleza kaka mtu, samahani, mdogo wake, Theo, kwamba kazi hiyo ni zaidi ya kunakili: ni kutafsiri katika lugha nyingine, lugha ya rangi. Akajifananisha pia na mpiga muziki anayepiga utunzi wa mwingine.

Hapo mimi nikashtuka. Sisi tunaosoma Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1963, hakuna anayesema hiyo ni Shakespeare feki. Tunaihakiki kama kazi ya mfasiri. Ila jina la Mwalimu liko kwenye jalada. Nakala ya sebuleni kwa mama mdogo haina jina la aliyeichora. Pembeni kuna saini ya kuigiza ya Monet. Kisheria kunakili siyo kosa katika nchi nyingi, kwani Monet alifariki mwaka 1926 na ile miaka 70 ya hakimiliki imekwisha. Kosa ni kuiuza kama yake. Kwa mtazamo wangu kasoro kubwa iko kwenye jina hilo lililokosekana. Mfasiri asiye na jina, utamhakiki vipi?

Nilirudi Sinza na kitabu cha picha cha maktaba. Tukaimulika picha kwa tochi ya simu, kutoka ubavuni. Hiyo ndiyo njia: nyingi zinazouzwa eti za mkono ni za kuchapwa na mashine, kisha zikapakwa gundi angavu kwa brashi, na alama za brashi hazifuati rangi zilizo chini. Yetu ilifuata. Chungwa lilikuwa limepanda kweli juu ya buluu. Lakini kivuli kilikuwa buluu moja tu, bapa, wakati kitabuni kina zambarau na waridi ndani yake. Tafsiri mbovu hapo, au fotografia mbovu. Ila ukingoni mwa rundo kubwa kulikuwa na mstari mwembamba wa kijani ambao kitabuni sikuuona.

"Huu kauweka nani?" mama mdogo akauliza.

"Monet..."

"Aa, siyo huyo. Huyu." Akaugusa kwa kidole.

Tukaishusha, tukaigeuza. Nyuma kulikuwa na kitambaa kitupu, na namba ya dukani kwa kalamu ya risasi.