Ngoma Mpya za Wiki: Redio, Bando au Flashi?

Kila wiki Bongo Fleva inatuletea ngoma mpya, na hakuna anayetaka kuzisikia zikiwa zimeshachuja. Je, mkazi wa Musoma, Bunda au Butiama azipate kwa njia ipi bila kumaliza bando? Tulinganishe njia nne.

Redio. Hii ni bure. Musoma kuna Victoria FM, Bunda kuna Mazingira FM. Hata kitochi kinatosha. Kwenye simu nyingi waya wa spika za masikioni ndio antena. Kasoro yake ni kwamba mtangazaji ndiye anayechagua, na wimbo ukikupita huwezi kuurudisha.

Video za YouTube. Utazamaji wenyewe haulipiwi, ila bando linaliwa. Wimbo wa dakika 3 kwa ubora wa 480p unaweza kula MB 20 hivi. Kwa 720p unapita MB 40. Tuseme umenunua kifurushi cha shilingi 1,000 ukapata MB 400. Kila MB ni shilingi 2.50, hivyo kutazama mara moja kwa 480p ni shilingi 50. Ukirudia mara 30, umetumia shilingi 1,500 kwa wimbo mmoja.

Programu za muziki. Hapa unasikiliza sauti tupu. Kwa ubora wa kawaida wa kilobiti 128 kwa sekunde, dakika 3 ni MB 3 tu, yaani shilingi 7.50 kwa hesabu ileile. Ukishaupakua, kuurudia hakuli bando tena. Audiomack huruhusu kupakua nyimbo nyingi bila ada ya mwezi. Spotify, iliyoingia Tanzania mwaka 2021, hairuhusu kupakua nyimbo mpaka ulipie.

Kibanda cha kuingiza nyimbo. Unapeleka flashi au memori kadi, unajaziwa nyimbo kwa mkupuo. Faida yake kubwa huku kwetu ni nyimbo za ritungu za Wakurya, ambazo si zote ziko mtandaoni. Lakini kama mwenye kibanda hana ruhusa, msanii hapati hata senti, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakataza biashara hiyo. Msanii wa nyumbani, asiye na matamasha makubwa Dar es Salaam, ndiye anayeumia zaidi.

Uamuzi wangu. Onja ngoma zote za wiki kwenye redio. Chagua mbili au tatu zilizokugusa, uzipakue kwenye programu ya muziki. Video itazame mara moja, kwa 360p. Kwa ritungu, mtafute msanii mwenyewe ununue kwake. Nyimbo 3 utakazopakua zitakula MB 9, chini ya shilingi 25 kwa mfano wetu, bila kuhesabu video. Kabla ya kununua bando, gawanya bei yake kwa idadi ya MB, ndipo ujue unalipa nini.