Mhunzi wa sime na ukoo wake

Oldonyo Sambu, kando ya barabara ya Arusha kwenda Namanga, wazee wa Kimaasai na wa Kiarusha bado huonekana wamefunga sime kiunoni, ndani ya ala nyekundu ya ngozi. Huchinjia, hukatia miti, huchongea fimbo. Ni wachache wanaouliza aliyeitengeneza ni nani na anaishije.

Kwa mila ya Kimaasai uhunzi ni kazi ya ukoo. Wahunzi huitwa Ilkunono. Mtoto huanza kwa kuvuta mivukuto ya baba yake, kisha hushika koleo; nyundo huja mwisho. Zamani chuma kilipatikana kwa kuyeyusha mchanga wenye madini. Misafara ya pwani ya karne ya 19 ilipoleta nyaya za chuma, kuyeyusha kukafa polepole. Siku hizi malighafi ni springi za magari mabovu, chuma kigumu kinachotunza makali. Kipande hupashwa moto wa mkaa mpaka kiwe chekundu, hufuliwa, huzamishwa ili kikaze, hunolewa pande zote mbili. Mpini ni mti uliovikwa ngozi.

Pamoja na ustadi huo, Ilkunono walidharauliwa. Mmaasai wa ukoo mwingine hakuoa binti wa mhunzi. Silaha mpya ilipokewa kwa mkono uliopakwa mafuta ili kuondoa unajisi, kwa kuwa mhunzi ndiye hutengeneza chombo cha kumwaga damu (na mwenye kuimwaga akaitwa shujaa!). Afisa wa Kijerumani, Merker, aliandika habari za wahunzi hao mwaka 1904. Lakini huko Upareni, mkoa jirani, Washana, ambao ni ukoo wa wahunzi, waliwahi kutawala Ugweno. Basi dharau hii haikutoka kwenye chuma chenyewe.

Familia hizo zikaoana zenyewe kwa zenyewe, na ujuzi ukabaki nyumbani.

Nikiri kwamba nasi wa miradi tumewaruka. Fomu zetu huuliza ng'ombe wangapi, ekari ngapi. Mwenye fuawe na nyundo hana pa kuandikwa, wakati mahitaji yake si makubwa: mkaa, springi, pengine mashine ya kunolea.

Kamati za sharika zinapoorodhesha vikundi vya robo ijayo, ziulizie pia nyumba ya mhunzi. Na kijana wa usharika akitaka kuposa katika nyumba hiyo, wazee wa kanisa waende naye.