Nani Alikuwa Kizimbani: Yeremia au Yerusalemu?

Mnamo mwaka 609 KK, Yehoyakimu akiwa ndio kwanza ameanza kutawala Yuda, Yeremia alisimama uani mwa Hekalu la Yerusalemu akatangaza kwamba nyumba ile itakuwa kama Shilo. Wasikilizaji hawakuhitaji ufafanuzi: Shilo ndiko sanduku la agano lilikokaa zamani, na hapakuwa tena na kitu. Makuhani na manabii wakamkamata papo hapo, wakitaka auawe.

Mashtaka dhidi ya mji yamo katika sura ya 7 ya kitabu chake, wala hayaishii kwenye kumfukizia Baali uvumba. Yanataja kuwaonea wageni, yatima na wajane, na kumwaga damu isiyo na hatia. Kilichomuudhi zaidi nabii, nadhani, ni ule ujasiri wa watu kuiba, kuzini na kuapa kwa uongo, kisha kuja Hekaluni wakijiona wamesalimika. Waliamini Mungu hawezi kuiacha nyumba yake iteketee. Tena walikuwa na ushahidi: mwaka 701 KK Senakeribu wa Ashuru aliutishia mji huo na hakuuteka.

Kesi yenyewe imo katika sura ya 26. Wakuu wa Yuda waliketi penye lango jipya la Hekalu wakasikiliza pande zote mbili. Yeremia hakufuta hata neno moja. Ndipo baadhi ya wazee wakainuka na utetezi wa ajabu: wakamkumbusha kila mtu habari za Mika Mmorashti, ambaye enzi za mfalme Hezekia alitangaza kwamba Sayuni italimwa kama shamba. Haikulimwa. Lakini wazee hawakumwita Mika nabii wa uongo. Walisema Hezekia alimcha Bwana, naye Bwana akaghairi.

Kwa wazee wale, hukumu iliyotangazwa kisha isitimie ilikuwa unabii uliofanya kazi yake. Anayepekua aya za manabii ili apange kalenda ya maangamizi ameshindwa kusoma kesi hii.

Yeremia alinusurika, akikingwa na Ahikamu mwana wa Shafani. Uria mwana wa Shemaya, aliyehubiri yaleyale, alikimbilia Misri, akarudishwa, na mfalme akamuua kwa upanga. Yehoyakimu hakuwa Hezekia. Wababeli walipolichoma Hekalu, mwaka 587 au 586 KK, ilikuwa imepita miaka 20 hivi tangu kesi ile, muda wa kutosha kabisa kujirekebisha.