Kuchora Kani Dhaifu (Sehemu ya Pili): Nyutroni Inapogeuka Protoni

Wiki iliyopita tulichora elektroni mbili zikisukumana kwa kupeana fotoni. Leo tutumie michoro hiyohiyo ya Richard Feynman kwa nyutroni iliyo nje ya kiini cha atomu. Kwa wastani huishi takriban dakika 15, kisha hugeuka protoni, elektroni na antinyutrino.

Wakati uende kutoka kushoto kwenda kulia. Chora mistari mitatu sambamba, ndizo kwaki za nyutroni: u moja na d mbili. Kwaki u na d moja ziache zipite. Kwenye d iliyobaki weka fundo, na mbele ya fundo andika u. Sasa hesabu chaji: d ina −1/3, u ina +2/3. Imepotea −1, na aliyeichukua ni bozoni W⁻, mstari wa mawimbi unaochomoza kwenye fundo hilo. Katika fundo la pili W⁻ inatoweka, zinatoka elektroni na antinyutrino.

Hapa wanafunzi wengi huteleza. Mshale wa antinyutrino huelekezwa nyuma, kwenye fundo, ijapokuwa chembe yenyewe inakwenda mbele. Ndiyo alama ya antichembe. Wengine huchomoa elektroni moja kwa moja katika nyutroni, kana kwamba ilikuwa imejificha humo. Haikuwamo. Imezaliwa pale kwenye fundo.

Enrico Fermi, mwaka 1934, alieleza mgeuko huu bila W kabisa: chembe nne zinakutana mahali pamoja. Nadharia yake ilifaa kwa miaka mingi, na sababu yake naiona tamu kuliko yote katika somo hili. Masi ya W ni zaidi ya mara 80 ya masi ya protoni. Nyutroni haina nishati ya kuizalisha kamili, hivyo W hudumu muda mfupi mno, na umbali inaoufikia ni mdogo mamia ya mara kuliko upana wa protoni. Kwa Fermi umbali huo ulikuwa sawa na nukta. Uzito huo ndio unaoifanya kani hii ionekane dhaifu. W yenyewe iligunduliwa CERN mwaka 1983.

Kabla ya wiki ijayo, msomaji, chora myuoni ikigeuka elektroni, ukijumlisha chaji katika kila fundo. Ukipata nyutrino moja na antinyutrino moja, umepatia.